Macho Kwenye Beseni

Kulikuwa na mama mmoja ameketi kwenye kizingiti cha jiko lake, ungo mapajani, anachambua mchele. Ule mchele wa bei nafuu mnaoujua, wenye mawe yanayofanana na punje. Ukiinua macho mara moja tu, umepoteza ulipoishia. Kwa hiyo mama huyu hakuinua.

Majina siwapi, maana mtaanza kutafuta nyumba.

Binti yake mkubwa alikuwa nyuma yake, karibu na mafiga, ameshika mwiko na sufuria bado hajaiinjika.

"Mama."

"Mm."

"Kuna kitu nataka kukuambia."

"Sema, masikio yapo."

"Niangalie kwanza."

"Nikuangalie nini? Una kidonda? Sema, mwanangu, mimi nina mawe hapa."

 Mama akatoa jiwe akawatupia kuku, akatoa jingine. Akasubiri. Aliposikia mwiko umewekwa juu ya mfuniko, akajua mazungumzo yamekwisha, na moyoni akaridhika kwamba amemsikiliza mtoto wake. Wangapi tumewasikiliza watoto wetu namna hiyo wiki hii? Msiinue mikono, nawaona.

Kabla ungo haujaisha, jirani akaingia kwa kupitia uani, anahema.

"Mwenzangu, acha huo mchele! Wageni wako wanakuja."

"Wageni gani?"

"Wa posa. Nimewaacha pale kwa fundi pikipiki wanapangusa viatu. Mjomba mtu kavaa koti."

"Si walisema Jumamosi?"

"Sasa kawaambie warudi mpaka Jumamosi." Kisha jirani akachuchumaa, akashusha sauti. "Na bora wamekuja leo. Mimi si mmbea, unanijua."

Akina mama, mtu akianza hivyo, shikilieni benchi.

"Jana nilikuwa kwenye foleni ya mashine. Binti yako alikuja kusaga. Yeye na yule kijana wa mashine, hawakusemeshana hata neno. Lakini macho, mwenzangu! Unga unamwagika nje ya ndoo, hakuna aliyeona. Wanasema macho hayana pazia. Yale hayakuwa na hata ukuta."

Hapo ndipo mama alipoinua kichwa. Lakini aliangalia njia. Binti alikuwa nyuma yake, hatua chache tu, amesikia kila neno, uso wake uko wazi kama kitabu kilichofunuliwa. Mama akaangalia njia kama wageni wameshakata kona, akapiga hesabu yake haraka: habari hii isifike sebuleni kabla ya kikohozi.

Hiki kikohozi lazima nikieleze, maana vijana wa siku hizi mnaweza msikijue.

Kwa watu wale, wageni wa posa wakija mara ya mwisho, msichana ndiye anayewanawisha mikono kabla ya chakula. Anapita na jagi na beseni, taulo begani. Anaanza kwa mzee, anamalizia kwa mposaji. Muda wote macho yake yanakaa kwenye mikono ya wageni, hayapandi juu ya kiwiko. Dada wa baba yake anakaa pembeni mwa mlango anayalinda yale macho. Yakibaki chini mpaka mikono ya mposaji imalizike kunawishwa, shangazi anakohoa. Hasemi kitu, anakohoa tu. Kikohozi hicho ndicho jibu: msichana amekubali, wazee waanze kula. Na msichana akiinua macho akamkazia kijana wa watu, shangazi hakohoi. Anatingisha kichwa, na kesho yake kijiji kizima kinajua kwamba binti wa nyumba ile hana adabu.

Mmeielewa vizuri hiyo desturi? Akiinamisha macho, amekubali. Akiyainua, hana adabu. Sasa nami nauliza swali la mtu asiyesoma sana: hapana yake angeiweka wapi?

Tuendelee, maana wageni wamefika.

Sebule ikajaa. Mjomba na koti lake, mposaji, baba mwenye nyumba. Shangazi, aliyeitwa mbio, ameshakaa karibu na mlango, leso mkononi, koo tayari. Mposaji mwenyewe alikuwa kijana mwenye duka la vipuri mjini. Hanywi, hana kelele, anasalimia watoto. Ingekuwa rahisi kwangu kuwaambia alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya. Mama alimtaka kwa sababu ambazo mama yeyote hapa angemtakia binti yake, na mimi simlaumu kwa hilo.

Wali na nyama vilipoiva, binti akaingia na jagi. Akamnawisha mjomba. Akamnawisha baba yake. Akafika kwa mposaji, akapiga magoti, akaanza kumimina.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, ameshika sinia la wali, anahesabu pumzi. Maji kidogo tu, kikohozi, basi. Baada ya kikohozi yule jirani aseme anachotaka.

Mposaji akanawa, akatoa mikono. Maji yakaendelea kumiminika. Binti ameinama, macho yake yako palepale mikono ilipokuwa, kama alivyofundishwa, na mikono haipo. Anamimina tu. Chumba kizima kinasikia maji yanaanguka kwenye beseni.

"Ona haya hiyo!" mjomba akasema, amefurahi. "Siku hizi hupati. Ameona haya mpaka haoni."

Shangazi akajisafisha koo.

"Dada," mposaji akasema polepole, "mikono nimeshaitoa."

Maji yakaendelea. Beseni likajaa, likamwagikia mkeka. Jagi likaisha, na binti bado ameliinamisha.

"Dada. Naomba uniangalie."

Jamani! Shangazi kidogo ameze kikohozi chake.

"Kijana, hapa hatuangaliani," akasema. "Mkishaoana mtaangaliana, mtachoka wenyewe."

Watu wakacheka. Mposaji hakucheka.

"Samahani, shangazi. Mara moja tu. Kila nikija hapa naona mstari wa nywele zake. Nikikutana naye sokoni nitamjua kwa nini?"

Baba hakupenda, lakini mgeni ni mgeni. Akakunja uso, akasema, "Haya. Mwangalie mgeni, yaishe."

Binti akainua macho.

Yakampita mposaji. Yakampita baba yake na mjomba na koti lake. Yakaenda moja kwa moja mpaka mlango wa ndani, yakamshika mama yake.

Mnalijua jicho hilo. Ni jicho la mtoto kliniki, nesi ameshachukua sindano, na wewe ndiye uliyemshika mikono. Halilii. Linauliza: mama, na wewe uko upande wao?

Na mama alifanya nini? Aliangalia wali. Akaukodolea macho kama ameona jiwe.

Shangazi akakohoa.

Kikohozi kizuri kabisa, cha mtu aliyekingoja tangu alipokaa. Mjomba akapiga makofi. Baba akaegemea kiti, akashusha pumzi. Mama akasogea na sinia, akijiambia kwamba yamekwisha.

Mposaji hakuchukua taulo. Alisimama, mikono inadondosha maji.

"Mjomba, twende."

"Twende wapi? Chakula hiki hapa!"

"Mimi hapa siwezi kula."

"Una wazimu? Umesikia shangazi amekohoa?"

"Nimesikia. Hata kwa dada yangu walikohoa, mpaka wakapaliwa. Alinawisha vizuri kuliko huyu, tone halikumwagika. Leo yuko nyumbani kwetu, amerudi, hamtazami mtu usoni, hata mama aliyemzaa. Wewe mjomba ulikuwepo siku ile. Ulikula wali."

Mjomba akainuka. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Baba mwenye nyumba akasimama naye. "Kijana, usinivunjie heshima ndani kwangu. Binti yangu umemwona na kasoro gani?"

"Sijaona kasoro, mzee. Nimeona hataki."

"Amekuambia?"

"Mimi hajaniambia. Amemwambia mama yake."

Vichwa vyote vikageuka. Mama yuko katikati ya sebule na sinia lake, mvuke unampanda usoni, na bado anaangalia wali.

Wageni wakaondoka. Mnajua aibu ya chakula cha wageni kilichobaki? Wali mzima, nyama haijaguswa, jirani yuko uani ananyoosha shingo. Shangazi akaondoka na leso yake akisema yeye amefanya kazi yake, amekohoa, mengine asiulizwe. Baba akazunguka sebule kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Yuko wapi huyo?"

Hayupo. Jagi liko kwenye mkeka, taulo liko chini, mtu hayupo.

Kumbe jirani naye hakuwa amekaa kimya huko uani. Habari ya mashine ikapita dirishani ikamfikia baba.

"Ah!" akasema. "Kumbe. Basi ameenda kwa huyo. Sikiliza, mama watoto. Jua likizama hayupo, naukomea mlango huu. Asigonge."

Hayo hayakuwa maneno ya hasira za kupita. Mlango huohuo aliwahi kumkomea mdogo wake wa kiume, walipogombana, na mdogo wake hakurudi tena mpaka leo. Baba yule anaumia kwa jambo lile, kila mtu anajua anaumia, lakini mlango aliufunga. Mama alijua mume wake ni mtu wa aina gani. Akalitazama jua.

Akakimbilia jikoni, akanyakua kanga ukutani, akatoka. Akakumbuka yuko pekupeku, akarudi jikoni gizani kutafuta ndala zake, akajikwaa, akatukana kuni, akazipata, akatoka tena. Akashuka mpaka kisimani. Akachungulia ndani. Sitawaambia alikuwa anaogopa kuona nini. Nyie mna mabinti. Maji yalikuwa yametulia. Akapita njia ya shamba, akaita. Akapita kwa mama mmoja wa kwaya, akaulizia kwa namna ya kutoulizia, kama tunavyojua. Hayupo. Jua limeshuka, na ikabaki sehemu moja ambayo hakutaka kwenda.

Mashine ilikuwa inanguruma. Kijana wa mashine alikuwa mweupe kwa unga toka nywele mpaka viatu. Ukimtazama unaona macho tu. Alipomwona mama yule anakuja, alijua ni mama wa nani. Akazima mashine. Foleni yote ikageuka.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Usinifanye mjinga."

"Leo hajaja. Jana ndiyo alikuja."

"Mmefanya nini na binti yangu?"

"Hatujafanya kitu."

"Mmesemezana nini?"

"Mama, hapa mashine ikiwaka nani anasikia mtu? Hata sauti yake siijui vizuri. Tunaangaliana tu."

Bibi mmoja kwenye foleni akacheka, akajifunika mdomo na kanga.

"Mnaangaliana," mama akasema. "Ndiyo mapenzi hayo siku hizi?"

Kijana akajipangusa uso, akazidi kuuchafua. "Sijui yanaitwaje. Mama, watu wakija hapa wanaangalia ndoo yao, nisije nikawapunja. Wanaangalia mzani. Hakuna anayejua sura yangu. Hata wewe, mama, umesaga hapa miaka yote. Ukinikuta kanisani nimeoga utanijua? Siku moja yeye aliniangalia mimi. Nikaona haya nikainama. Nilipoinuka, bado alikuwa ananiangalia. Tangu siku hiyo nanawa uso kila nikija kazini, halafu najaa unga tena."

"Ndiyo umempoteza mtoto wangu kwa sababu ya kunawa uso."

"Amepotea?" Sauti yake ikabadilika. Akaanza kufungua aproni. "Twende tukamtafute."

"Wewe kaa hapo hapo! Ukionekana na mimi saa hizi, umemmaliza."

"Sawa, mama. Sawa. Ila niambie, nyumbani alionekana mwisho wapi? Nani alimwona mwisho?"

Mama akafungua mdomo amjibu.

Baba alikuwa anamwangalia mposaji. Shangazi alikuwa amekohoa, kazi yake imeisha. Mjomba alikuwa anatafuta viatu. Yeye mwenyewe alikuwa na wali. Nyumba ilikuwa imejaa watu, wote wamekuja kwa ajili ya yule msichana, na alipoondoka pale kwenye mkeka hakuna hata mmoja aliyekuwa anamwangalia. Angalau mwizi wa kuku anaonekana na mtu.

Akageuka akaenda zake bila kuaga.

Alipofika nyumbani, ukingo wa jua ulikuwa umebaki juu ya mlima. Baba yuko mlangoni, ameshika komeo. Watoto wadogo wamejipanga ukutani kimya, wanajua ukubwa wa jambo bila kuambiwa.

"Hujampata."

"Sijampata."

"Unaliona jua."

"Naliona."

Hakubishana. Aliingia jikoni, maana hata siku ya msiba watoto wengine lazima wale, na wali wa wageni ulikuwa umepoa. Akapiga magoti apulize moto. Majivu yakaruka, moto ukashika, ukaangaza kidogo upande wa kuni.

"Mama."

Alikuwa amekaa kati ya lundo la kuni na ukuta, magoti kifuani, majani ya kuni kichwani.

"Umetoka wapi wewe?"

"Sijatoka."

"Nimekutafuta mpaka kisimani! Mpaka mashineni, mbele za watu!"

"Nilikuona ukienda. Ulikuja ukachukua kanga. Ukaja tena ukatafuta ndala, ukanikanyaga mguu. Ukasema, kuni hizi."

Mama akakaa chini.

"Kwa nini hukuniita?"

"Nimekuita leo, mama. Asubuhi kwa mdomo. Mchana kwa macho."

Nyamazeni kidogo na hilo.

Msitegemee niwaambie alimkumbatia wakalia. Sisi si watu wa hivyo, tunajuana. Alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye moto, akamwangalia. Akamwangalia kwa muda, kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Akaona ana kovu dogo juu ya nyusi, na hakukumbuka alilipata lini. Akaona kumbe huyu si yule mtoto aliyekuwa anamfikiria anapomfikiria. Ni mwanamke mzima, amechoka, anaogopa.

"Haya, sema."

"Yule simtaki."

"Nimeona," mama akasema. Akaongeza, maana mkweli ni mkweli, "Niliona tangu mchana."

Kisha akatoka nje, kabla jua halijamalizika, akamwambia mume wake, "Acha komeo. Yupo."

"Alikuwa wapi?"

"Nyumbani kwako. Tangu mchana."

Na baba yule, na ukali wake wote, alilishusha komeo akabaki ameliangalia mkononi, kama hajui nani amempa.

Sasa niseme na sisi.

Najua mnachotaka kuuliza. Mnataka kujua kama aliolewa na kijana wa mashine. Sitawaambia. Akimtaka, aje na mjomba wake kwa mlango wa mbele, amenawa uso, kama watu wengine. Sikuja hapa kuwafundisha kwamba jicho linatosha. Wengine humu tuliangaliwa vizuri sana mwezi wa kwanza, mnacheka nini? Na wapo huko nje wanaojua kuangalia kama fundi anavyojua nyundo. Wanaangalia leo hapa, kesho pale. Binti ambaye hajawahi kuangaliwa kwao atajuaje tofauti? Atakuwa na njaa, na mwenye njaa hachagui mchuzi. Yule wa mfano wangu aliangukia kwa kijana mwaminifu. Wa kwako ataangukia kwa nani?

Sisi tunayaogopa macho ya vijana. Tukisikia wanaangaliana tunashika fimbo, tunakimbilia mashineni. Sawa, tukimbie. Lakini nani kati yetu amejiuliza kwa nini mtoto atembee na debe la mahindi kichwani, mlima wote ule, ili tu mtu mmoja amtazame usoni?

Tunawafundisha mabinti zetu wainamishe macho, na haya ni kitu kizuri, sibomoi mila ya mtu. Ila tukishayainamisha macho yao, tunayasomea jibu tunalolitaka sisi. Tunakohoa. Tunakula wali. Halafu akirudi nyumbani na mzigo wake tunasema, mbona siku ile alikubali? Alikubali wapi? Aliangalia beseni!

Na nyie akina baba mliokaa nyuma karibu na mlango, hamjapona. Na wewe mama unayelalamika kwamba mume wangu haniangalii, wewe ulimwangalia lini mara ya mwisho? Nauliza uso wake, sijauliza mfuko wa shati. Kuna watu wanalala kitanda kimoja humu, na ukiwaambia mwenzako ana uso gani akiwa na huzuni, hawajui.

Kila Jumapili tunaimba hapa kwamba Mungu anatuona. Tunaimba kwa sauti, na mikono juu. Mtoto wako anaimba pembeni yako. Atauelewaje wimbo huo, ikiwa hajui kuonwa kunafananaje? Tunamwambia yuko aliye juu anayekuona gizani, na sisi tulio naye jikoni tunamkanyaga mguu tunalaumu kuni.

Usinijibu mimi. Nenda nyumbani. Kazi zako najua hazitapungua. Mimi mwenyewe nimeacha maharage motoni nikamwambia mtoto asiyaangushe. Mchele utakuwa na mawe yake kesho pia. Ila akikuambia, niangalie kwanza, weka ungo chini. Mawe hayakimbii.

Nimalizie, maana wale watu nimewaacha hawajala.

Jioni ile mama aliupasha wali wa wageni, na nyama. Akatandika mkeka mwingine, ule wa kwanza ulikuwa bado umelowa. Siku zote mama huyu alikuwa anahesabu sahani: zikichukuliwa zote, watu wametimia, basi. Jioni ile alishika jagi na beseni mwenyewe. Akaanza kwa mume wake, akammiminia, akamwangalia usoni mpaka yule mzee akauliza, "Kuna nini?" Akapita kwa watoto wadogo, mmoja mmoja, wanachekacheka kwa kutoelewa. Akafika kwa binti. Binti akanyoosha mikono. Mama akamimina, macho yake juu, na mikono ilipotoka, maji yakakoma.

"Wametimia?" baba akauliza, kama alivyouliza kila siku.

"Wametimia. Nimewaona."

Wakaanza kula. Mara baba akasimamisha taya, akatoa kitu mdomoni.

"Mke wangu, huu wali una jiwe."

"Liweke pembeni, baba," mama akasema, na hakuinamisha macho kuliangalia.